Je, Wajua? Kila Dawa ya Mifupa Ina Kalenda Yake

Je, wajua kwamba kundi la dawa linalotumika kuliko yote kulinda mifupa ya wazee lilianzia kwenye mabomba ya maji? Bisfosfoneti zilijulikana na wanakemia tangu karne ya 19, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa viwandani: kuzuia ule ukoko mweupe wa chokaa, unaoganda hata ndani ya birika, usizibe mabomba na mitambo. Miaka ya 1960 daktari Mswisi Herbert Fleisch, kwanza akiwa Davos na baadaye Bern, alitaka kujua kwa nini mkojo na damu, pamoja na kalsiamu yote iliyomo, havigandi ovyo kuwa mawe. Alikuta mwili una kemikali yake ya asili inayozuia jambo hilo, pairofosfeti. Lakini pairofosfeti ukiimeza inaharibika tumboni. Ikabidi atafutwe ndugu yake asiyeharibika, naye, bisfosfoneti, akapatikana kwa msaada wa wanakemia wa kampuni ya sabuni, Procter & Gamble. Mwaka 1969 Fleisch, Graham Russell na David Francis walichapisha habari kwamba kemikali hizo hazizuii tu kalsiamu kuganda, bali zinazuia pia mfupa kuliwa. Mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha alendroneti, mojawapo ya bisfosfoneti, iliyouzwa kwa jina la Fosamax, kwa wanawake waliokoma hedhi.

Mfupa kuliwa ni jambo la kila siku. Ndani ya mifupa yetu kuna mafundi wa aina mbili, seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli zinazojenga upya mahali pale pale, na kwa takriban miaka kumi mifupa yote ya mtu mzima huwa imekarabatiwa. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni hupungua na wabomoaji huwazidi kasi wajenzi. Mfupa unabaki na matundu makubwa ndani, na bibi akiteleza bafuni, nyonga inavunjika. Huo ndio osteoporosisi, na unawapata wanaume pia, hasa wanaotumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu.

Dawa zake hugawanyika vivyo hivyo: nyingi zinawazuia wabomoaji, chache zinawasukuma wajenzi. Na hapo ndipo penye shida. Dawa ya malaria unaimeza siku tatu, umemaliza. Dawa ya mifupa mtu huanza akiwa na miaka 60 na anaweza kuwa bado anaimeza akiwa na 75, ilhali majaribio yaliyoiruhusu kuuzwa mara nyingi yalidumu miaka mitatu au minne. Kosa lake, kama lipo, huchelewa kuonekana. Basi swali la kumwuliza daktari si kama dawa hii ni salama. Ni kwamba, ni salama kwa nani, na kwa muda gani.

Kidonge chenye masharti

Je, wajua kwamba katika kila kidonge cha alendroneti, sehemu inayoingia mwilini haifiki hata asilimia 1? Ndiyo maana masharti yake ni mengi: asubuhi kabla ya kula chochote, na maji matupu glasi nzima, kisha usile, usinywe kingine wala usilale kwa nusu saa. Ukikinywa na chai ya maziwa, kalsiamu ya maziwa inakishika humo humo tumboni na unakuwa umetupa pesa.

Sharti la kutolala lina historia yake. Mwaka 1996, dawa ikiwa na mwaka mmoja tu sokoni, madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa waliopata vidonda vibaya vya umio kwa sababu kidonge kilikwama njiani. Mgonjwa mwenye umio mwembamba, au asiyeweza kukaa wima nusu saa, hapaswi kupewa kidonge hiki; apewe njia nyingine.

Vidonda ni kitu kimoja, saratani je? Hapa kuna kisa ninachokipenda kwa sababu kinawafundisha unyenyekevu watu wa takwimu. Mwaka 2010 vikundi viwili vya watafiti viliuliza swali hilo kwa kutumia hazina moja ya kumbukumbu za wagonjwa, ile ya madaktari wa familia wa Uingereza. Kikundi cha kwanza kilichapisha Agosti: hakuna ongezeko la saratani ya umio. Cha pili kikachapisha Septemba: ongezeko lipo kwa waliotumia muda mrefu. Kumbukumbu zile zile, miezi miwili, majibu mawili. Tofauti ilitokana na jinsi kila kikundi kilivyochagua wagonjwa na miaka ya kuwafuatilia.

Paja linalovunjika bila kuanguka

Je, wajua kwamba dawa ya kuzuia mifupa isivunjike inaweza, mara chache, kuuvunja mfupa imara kuliko yote mwilini? Mwaka 2005 madaktari wa Dallas, Marekani, walieleza habari za wagonjwa tisa waliotumia alendroneti kwa miaka, wakavunjika bila ajali ya maana. Vipimo vilionyesha ukarabati wa mifupa yao ulikuwa karibu umesimama kabisa. Mwaka 2007 madaktari wa Singapore nao walikuwa na orodha ya wanawake waliovunjika katikati ya paja, mpasuko ukiwa umekatisha mfupa moja kwa moja. Ajuza aliyevunjika nyonga kwa kuanguka hana picha ya eksirei ya namna hiyo. Oktoba 2010 FDA iliagiza onyo liandikwe kwenye dawa zote za kundi hili zinazotumika kwa osteoporosisi.

Sababu inayokubaliwa na wengi inaeleweka kirahisi. Kila tunapotembea, mfupa wa paja hupata nyufa ndogo zisizoonekana, na wabomoaji wana kazi ya kuondoa sehemu yenye ufa ili ijengwe upya. Ukiwazuia miaka kumi, nyufa zinabaki na kurefuka. Dawa iliyokusudiwa kuwapunguza kasi imewafunga mikono.

Lakini ni wangapi? Hesabu nzuri kuliko zote ninazozijua ilitoka California mwaka 2020. Watafiti waliwafuatilia wanawake 196,129 wa miaka 50 na zaidi, waliotibiwa na mfumo mmoja wa hospitali. Waliopata mvunjiko huo wa paja walikuwa 277. Hatari iliongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa ilivyoongezeka, na ilikuwa kubwa sana kwa waliopita miaka minane. Halafu wakapima faida. Kati ya wanawake Wazungu 10,000 waliotumia dawa miaka mitatu, mivunjiko ya nyonga 149 ilizuiwa, na ya paja iliyoletwa na dawa ikawa 2. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, iliyozuiwa ilikuwa 91 na iliyoletwa 8. Kwa hiyo wastani wa kundi moja la Wamarekani hauwezi kuwa kipimo cha wanawake wote, na sisi wa Afrika Mashariki, ambako mashine za kupima uzito wa mifupa ni chache na ziko miji mikubwa, tunapaswa kuwa waangalifu tunapoazima takwimu za wengine. Jambo la kutia moyo ni hili: mwanamke akiacha dawa, hatari hiyo ya paja hushuka haraka.

Kuna dalili ya kuijua. Wengi wa waliovunjika walikuwa wameumwa paja au kinena kwa wiki au miezi kabla, maumivu yasiyo makali sana, ya kukufanya useme ni uzee tu. Si uzee. Anayetumia dawa hizi akiumwa paja kwa namna hiyo aombe picha ya eksirei, na apigwe miguu yote miwili, kwa sababu ufa unaweza kuwa pande zote.

Kiberiti na taya

Je, wajua kwamba madaktari wa meno walishawahi kuona jambo linalofanana sana na madhara ya dawa hizi, zaidi ya miaka mia moja kabla dawa hazijatengenezwa kwa ajili ya mifupa? Katika karne ya 19 viberiti vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe. Wafanyakazi waliovuta mvuke wake kwa miaka walioza mfupa wa taya wakiwa hai; jino linang'oka, kidonda hakifungi, mfupa unajitokeza. Hali hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojulisha dunia mgomo wa wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, London, mwaka 1888. Mwaka 1906 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku fosforasi nyeupe kwenye viberiti. Mkataba huo ulitiwa saini Bern, mji ule ule ambao Fleisch angekuja kufanyia kazi yake.

Mwaka 2003 daktari wa upasuaji wa kinywa wa Miami, Robert Marx, aliandika barua fupi kwenye jarida la wenzake. Alikuwa ameona wagonjwa 36 wenye mfupa wa taya uliokufa. Karibu wote walikuwa wagonjwa wa saratani waliopigwa bisfosfoneti kwa dripu, kwa dozi kubwa na za mara kwa mara.

Tofauti hiyo ya dozi imepotea katika uvumi. Mgonjwa wa saratani anaweza kupewa dripu kila mwezi. Wa osteoporosisi hupewa mara moja kwa mwaka. Kwa wagonjwa wa osteoporosisi, tatizo la taya hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 10,000 hadi mmoja kati ya 100,000 kwa mwaka. Linapotokea, mara nyingi hufuata kung'oa jino. Ushauri wenyewe hauna gharama kubwa: kabla ya kuanza dawa, mwone daktari wa meno, ng'oa la kung'oa, tibu la kutibu, ndipo uanze. Na ukiwa tayari unatumia, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Uzito si nguvu

Je, wajua kwamba mfupa unaweza kuongezeka uzito kwenye mashine na bado ukavunjika zaidi? Kisa hiki kinatuhusu sisi moja kwa moja.

Kwa miongo kadhaa madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa wa osteoporosisi floraidi, kwa kuwa iliwasukuma wajenzi wa mfupa kweli kweli. Mwaka 1990 yakatoka matokeo ya jaribio la miaka minne, wanawake 202, nusu wakimeza sodiamu floraidi. Uzito wa mfupa wa kiunoni ulipanda asilimia 35, kiasi ambacho dawa nyingi za leo hazikifikii. Lakini pingili za uti wa mgongo hazikupungua kuvunjika kwa kiasi cha kujivunia, na mifupa mingine ilivunjika mara 72 kwa waliomeza floraidi, dhidi ya mara 24 kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mfupa mpya ulikuwa mwingi na mbovu.

Mtu wa Maji ya Chai, kati ya Arusha na Moshi, hakuhitaji jarida la Marekani kumwambia hivyo. Maji yanayoteremka Mlima Meru, pamoja na ya visima vingi vya Bonde la Ufa hadi Nakuru, yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ni dalili ya kwanza. Kwa waliozidiwa, mgongo unakakamaa na miguu ya watoto inapinda. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yanaweza kuongeza floraidi mwilini. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilipotafuta njia ya kuyasafisha maji hayo, kilitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa mfupa huivuta floraidi na kuishika. Ndilo jambo lile lile linalotokea ndani ya mtu.

Ndugu wa floraidi katika kudanganya mizani ni strontiamu raneleti, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2004. Strontiamu hukaa kwenye mfupa mahali pa kalsiamu, nayo ni nzito kuliko kalsiamu, hivyo mashine ya kupimia husoma mfupa mzito. Karibu nusu ya ongezeko lililoonekana lilikuwa ni uzito wa strontiamu yenyewe. Tofauti na floraidi, hii ilipunguza mivunjiko kwa kweli. Kilichoiangusha ni vitu vingine: mzio mkali wa ngozi, damu kuganda kwenye mishipa, kisha hatari ya mshtuko wa moyo, iliyofanya Ulaya ibane matumizi yake mwaka 2014. Mwaka 2017 mtengenezaji wake, Servier, aliacha kuiuza.

Zilizoondoka, na onyo lililofutwa

Je, wajua kwamba kulikuwa na dawa ya mifupa iliyoigwa kutoka kwa samaki, ya kupulizwa puani? Kalsitonini ya samoni ina nguvu kuliko ya binadamu, haina masharti ya kidonge, na hupunguza maumivu ya pingili iliyovunjika. Ilitumika kwa zaidi ya robo karne. Mwaka 2012 Shirika la Dawa la Ulaya lilipojumlisha majaribio yote ya muda mrefu, liliona saratani zimezidi kidogo kwa walioitumia, likashauri isitumike tena kwa osteoporosisi. Ongezeko lilikuwa dogo. Lakini faida nayo ilikuwa ndogo, na hapo mizani ilikataa.

Nyingine, odanakatibu, haikufika hata sokoni. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 16,000, ikapunguza mivunjiko vizuri, na mwaka 2016 kampuni ya Merck ikaitupa kwa sababu ya kiharusi.

Estrojeni yenyewe ina kisa chake. Julai 2002 jaribio kubwa la Marekani lenye wanawake 16,608 lilisimamishwa kabla ya wakati. Homoni mbili walizopewa zilizuia mivunjiko ya nyonga mitano kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na zikaleta saratani za matiti nane zaidi, viharusi vinane zaidi. Mamilioni waliacha homoni. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba umri wa kuanza una uzito mkubwa, na mwanamke wa miaka 50 hawezi kuhukumiwa kwa yaliyompata wa 70.

Na onyo linaweza pia kufutwa, jambo ambalo halitangazwi kwa kelele kama linapowekwa. Teriparataidi, sindano ya kila siku iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, ni kipande cha homoni ya tezi ya shingoni. Homoni hiyo ikiwa nyingi mfululizo hula mfupa. Ikichomwa mara moja kwa siku hujenga. Panya wa maabara waliochomwa karibu maisha yao yote walipata saratani ya mifupa. Dawa ikatoka na onyo zito, na binadamu akawekewa ukomo wa miaka miwili. Miaka 15 ya kufuatilia wagonjwa haikuonyesha ongezeko la saratani hiyo kwa watu. Novemba 2020 FDA iliondoa onyo lile. Panya alikuwa amesema kweli, ila kuhusu panya.

Sindano isiyotaka kuachwa

Je, wajua kwamba dawa mojawapo ya mifupa ina hatari yake kubwa siku unayoiacha? Denosumabu, inayouzwa kwa jina la Prolia, ilianza kutumika mwaka 2010. Ni sindano chini ya ngozi kila miezi sita. Haina habari ya nusu saa wala umio, na wagonjwa wanaipenda. Tofauti yake na bisfosfoneti ni kwamba haikai kwenye mfupa. Alendroneti huendelea kuwa ndani ya mifupa kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo ukiiacha inakuaga polepole. Denosumabu ikiisha, wabomoaji waliokuwa wamezuiwa wanarudi wote kwa pamoja, na uzito ulioongezwa kwa miaka unaweza kuondoka katika mwaka mmoja au miwili. Wapo waliovunjika pingili tatu, nne, tano kwa mpigo, bila kuinua kitu. Madaktari wa Uswisi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga kengele.

Utafiti mmoja wa kumbukumbu za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kuchelewa sindano kwa zaidi ya wiki 16 kuliambatana na hatari ya pingili kuvunjika karibu mara nne ya waliochomwa kwa wakati. Mwaka huo huo kliniki zikafungwa kwa sababu ya korona, na wataalamu wakalazimika kutoa miongozo ya dharura ili sindano hiyo isikatike.

Fikiria sasa hali zetu. Mama anatibiwa Muscat au London alikokwenda kukaa na mwanawe, anachomwa sindano mbili tatu, kisha anarudi Unguja au Lamu kupumzika. Hana maumivu, sindano ni ghali, na huko aliko hakuna aliyewahi kuisikia. Anaiacha kwa nia njema kabisa. Kwa maoni yangu, daktari yeyote anayeandika sindano ya kwanza bila kuuliza ya sita itapatikana wapi amefanya nusu ya kazi. Anayetaka kuiacha huhamishiwa dawa nyingine, mara nyingi bisfosfoneti, ili mfupa usibaki bila mlinzi.

Onyo jingine juu yake ni la Januari 2024: kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu kwa mashine, kalsiamu inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha.

Siri ya Waafrikana

Je, wajua kwamba mojawapo ya dawa mpya kabisa za mifupa ilizaliwa kutokana na familia chache za Afrika Kusini? Miongoni mwa Waafrikana, Wazungu wa huko wazungumzao Kiafrikana, kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa sklerosteosisi. Mwenye nao huwa mrefu, taya kubwa, vidole vingine vimeungana, na mifupa yake ni mizito mno kiasi kwamba haivunjiki kirahisi. Si baraka. Fuvu linaendelea kunenepa, linabana mishipa ya fahamu ya uso na masikio, na hatimaye ubongo. Mwaka 2001 jeni husika ilitambuliwa: wagonjwa hawa wanakosa protini inayowaambia wajenzi wa mfupa watosheke.

Kutokana na hilo wanasayansi walitengeneza romosozumabu, dawa inayoizuia protini hiyo kwa muda. Inajenga mfupa haraka. Katika jaribio la wanawake 4,093 lililochapishwa mwaka 2017, iliishinda alendroneti kwa kuzuia mivunjiko, lakini matatizo makubwa ya moyo na mishipa katika mwaka wa kwanza yaliwapata asilimia 2.5, dhidi ya 1.9 wa alendroneti. FDA iliikubali mwaka 2019 ikiwa na onyo: asipewe aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Na hutolewa miezi 12 tu, basi.

Vitamini nayo

Wapo watakaosema, basi afadhali vitamini tu. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa vitamini D uniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, wazo likiwa kuwaondolea usumbufu wa kila siku. Waliopewa walianguka zaidi kwa asilimia 15 na kuvunjika zaidi kwa asilimia 26. Vitamini D ya kiasi kwa aliyepungukiwa ni jambo jema. Mkupuo wa mwaka mzima ni jambo jingine.

Hofu nayo huvunja mifupa

Je, wajua kwamba habari za madhara ziliwatisha watu kuliko madhara yenyewe yalivyowadhuru? Kati ya 2008 na 2012 matumizi ya vidonge vya bisfosfoneti Marekani yalishuka kwa zaidi ya nusu. Mivunjiko ya nyonga, iliyokuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, ikaacha kupungua kama ilivyotarajiwa. Nyonga si jambo dogo: mtu mmoja kati ya watano au zaidi hufariki ndani ya mwaka baada ya kuvunjika, na wengi wa waliosalia hawarudii mwendo wao wa zamani. Jaribio la mwaka 2007 kwa wagonjwa waliokuwa wametoka kuvunjika nyonga lilionyesha kwamba dripu ya zoledroneti, nayo bisfosfoneti, mara moja kwa mwaka ilipunguza vifo kwa asilimia 28. Dripu hiyo huweza kuleta homa ya siku mbili tatu baada ya mara ya kwanza, na haifai kwa figo zilizochoka.

Njia waliyoifikia wataalamu ni likizo ya dawa. Kwa mgonjwa asiye katika hatari kubwa, baada ya miaka mitano ya vidonge au mitatu ya dripu, daktari hukaa naye wakapima upya kama aendelee au apumzike. Msingi wake ni jaribio la 2006 ambamo wanawake 1,099 waliokuwa wametumia alendroneti takriban miaka mitano waligawanywa, wengine wakaendelea mitano mingine, wengine wakaacha. Mivunjiko kwa ujumla haikutofautiana sana. Ila pingili zilizovunjika kwa maumivu zilikuwa asilimia 5.3 kwa walioacha na 2.4 kwa walioendelea. Ndiyo maana aliyekwisha kuvunjika mgongo hapewi likizo kwa urahisi. Likizo hii ni ya bisfosfoneti peke yake. Ya denosumabu haipo.

Na huko New Zealand, mwaka 2025, watafiti walichapisha matokeo ya miaka kumi: wanawake wa miaka 50 hadi 60 waliopewa dripu mbili tu za zoledroneti, moja mwanzoni na nyingine baada ya miaka mitano, walivunjika pingili asilimia 6.3, dhidi ya 11.1 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Huenda kosa letu la miaka hii 30 lilikuwa kutoa nyingi mno.

Kama nyumbani kwako kuna mzee anayetumia dawa ya mifupa, tafuta leo kadi yake ya kliniki uandike mambo matatu: jina la dawa, tarehe aliyoianza, na kama ni sindano, tarehe ya inayofuata. Miaka ikitimia mitano na hakuna daktari aliyeuliza kama bado anaihitaji, ulizeni nyinyi.